Tapeti zikilia, usikimbilie kushusha injini

MSIMU wa mavuno unapofika, Land Rover au pick-up ya zamani ndiyo hubeba kila kitu: mahindi kutoka shambani, mbolea kutoka mjini, vibarua, mapipa ya maji na hata mgonjwa usiku wa manane. Katika siku hizo za kazi nzito ndipo injini huanza kutoa mlio ambao mwenye gari hakuuzoea, mlio mwembamba wa 'taka-taka-taka' unaotoka juu ya injini, mfano wa cherehani iliyokosa mafuta. Gari hupelekwa gereji. Fundi husikiliza kwa nusu dakika, hutikisa kichwa na kutamka kuwa injini imekwisha, inabidi ishushwe.

Wakati mwingine fundi huwa amesema kweli. Lakini mara nyingi mlio wa namna hiyo ni wa tapeti zilizolegea, na kuziseti ni kazi ya saa moja au mbili isiyohitaji kipuri chochote zaidi ya gasketi ya kava la juu. Mwenye gari aliyeelewa tatizo huuza kuku wachache, asiyeelewa huuza ng'ombe. Baya zaidi ni kwamba gari lililofunguliwa injini bila sababu linaweza kukaa gereji wiki kadhaa likisubiri vipuri, huku mahindi yakinyeshewa shambani na madalali wakishusha bei.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Land Rover 109 ya Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Injini yake ya silinda nne yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286, ya petroli au ya dizeli, bado inaonekana vijijini na katika miji midogo, hasa mahali ambapo barabara ni za vumbi na mawe. Ni injini rahisi kueleweka, na mtu akishaielewa hatababaika sana mbele ya injini nyingine za zamani.

Mlio unatoka wapi?

Kila silinda ya injini hiyo ina valvu mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kutolea moshi. Jumla ni valvu nane. Kamshafti iliyo ubavuni mwa injini huzunguka na kusukuma tapeti, tapeti husukuma fimbo ndefu ambayo mafundi huiita pushi rodi, na fimbo hiyo huinua upande mmoja wa roka. Roka hufanya kazi kama bembea ya watoto: upande mmoja ukipanda, mwingine hushuka na kuikandamiza valvu ifunguke. Springi ndiyo huirudisha valvu kwenye kiti chake.

Kati ya roka na kichwa cha valvu lazima kuwepo na nafasi ndogo. Sababu yake ni joto. Valvu ya kutolea moshi huchemka hadi kuwa nyekundu gari linapopanda mlima na mzigo, na chuma kikichemka hurefuka. Pasipokuwa na nafasi, valvu iliyorefuka hukosa kufunga sawasawa. Nafasi ikizidi, roka huigonga valvu kama nyundo kila inapoifungua, na hapo ndipo ule mlio wa cherehani unapozaliwa.

Kwa Land Rover ya Series III yenye injini tuliyoitaja, nafasi hiyo ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane, kipimo ambacho kwenye fila za inchi huandikwa .010. Ni unene wa karatasi mbili tatu tu za daftari. Si kila gari lina kipimo hicho. Peugeot 504 ya petroli, kwa mfano, hutaka milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea moshi, injini ikiwa baridi. Land Rover Defender yenye injini ya 300 Tdi hutaka 0.20 kwa zote. Fundi anayeseti kila gari kwa kipimo kimoja alichokariri ni wa kuepukwa, hata kama mikono yake ni myepesi.

Kabla ya kushika spana

Kosa la kwanza la wengi ni kuamini kuwa kila kelele ya juu ni ya tapeti. Zipo kelele nyingine zinazofanana nayo, na kuzitenganisha hakuhitaji mashine.

Inafaa kuanza na kasi ya mlio. Kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa kranki. Injini ikiwa imewashwa bila kukanyagwa mafuta, tuseme inazunguka mara 600 kwa dakika, tapeti moja iliyolegea itagonga mara 300 tu kwa dakika, yaani mara tano kwa sekunde. Sikio linaweza kuufuata mlio huo. Mafuta yakikanyagwa, mlio huongezeka kasi, lakini haubadiliki sana gari likibeba mzigo.

Mlio mzito wa 'ngo-ngo-ngo' kutoka chini ya injini, unaozidi gari linapopanda mlima au mafuta yanapokanyagwa ghafla, ni jambo jingine kabisa. Huo huwa ni wa beringi za rodi zilizolika. Ukiambatana na taa ya oili inayowakawaka injini ikiwa ya moto, gari lisiendeshwe hata hadi sokoni. Rodi ikikatika hutoboa bloku, na hapo hakuna cha kutengeneza tena.

Kwa injini ya petroli kuna jaribio jepesi. Injini ikiwa imewashwa, waya za plagi huchomolewa moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira na kugusishwa kwenye chuma cha injini ili umeme usipite hewani. Kama kelele inapungua au kuisha silinda fulani inapozimwa, tatizo liko chini, kwenye beringi au pini ya pistoni ya silinda hiyo. Tapeti haijali plagi. Itaendelea kulia kama kawaida.

Mlio unaowadanganya hata mafundi wazoefu ni wa moshi unaovuja kwenye manifodi ya eksozi. Nao hulia 'chi-chi-chi' kwa kasi ileile ya tapeti. Hata hivyo, huwa mkubwa asubuhi injini ikiwa baridi na hupungua injini ikishika moto, kwa sababu chuma kikitanuka huziba ufa. Ukitazama pale manifodi inapoungana na hedi utaona masizi meusi. Dawa yake ni gasketi na kukaza nati. Plagi iliyolegea nayo hutoa mlio wa namna hiyo, na pampu ya mafuta inayosukumwa na kamshafti huweza kugonga mkono wake ukilika.

Kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja kinatosha kuwa kipimo cha daktari. Ncha moja huwekwa sikioni, nyingine hupitishwa taratibu juu ya kava la valvu, kando ya manifodi, ubavuni mwa bloku. Mahali mlio unapokuwa mkali zaidi ndipo penye ugonjwa. Wengine hutumia bisibisi ndefu, mpini ukiegemezwa sikioni. Nayo inafaa, ila mkono na nguo viwe mbali na feni.

Wenye Land Rover za dizeli hawana budi kukumbuka kuwa dizeli ya zamani hugonga kwa asili yake, hasa asubuhi. Mwenye gari anapaswa kulijua gari lake likiwa zima ili alitambue likiwa gonjwa.

Ukimya nao ni wa kuogopwa

Jambo moja halisemwi vya kutosha gerejini. Tapeti inayolia si hatari kubwa. Hupunguza nguvu kidogo, hula roka na kichwa cha valvu polepole, na huudhi masikio, lakini gari litafika. Tapeti iliyobanwa kupita kiasi hailii hata kidogo, na ndiyo inayoua valvu.

Valvu ya kutolea moshi hupoa kwa njia moja kuu: kila inapofunga, hukalia kiti chake kwenye hedi na kukipa sehemu kubwa ya joto lake. Tapeti ikibanwa, valvu haikalii sawasawa. Joto halina pa kwenda, na moshi wa moto hupenya pembeni kwa nguvu kama moto wa gesi ya kukatia vyuma. Baada ya muda ukingo wa valvu huanza kumeguka. Gari hukosa nguvu, hutetemeka likiwa limesimama, na hutumia mafuta zaidi. Hapo ndipo hedi hufunguliwa, valvu ikabadilishwa na viti kusagwa, na gharama zile zilizokuwa zikikwepwa hulipwa zote.

Wauzaji wa magari yaliyotumika wanaijua siri hiyo, na si wote waaminifu. Kubana tapeti ni njia ya haraka ya kuinyamazisha injini ili mnunuzi aisifie. Wengine humimina oili nzito kupita kiasi kwa lengo hilohilo. Mkulima anayenunua Land Rover ya zamani asivutiwe na injini iliyo kimya kupita umri wake. Aombe iwashwe ikiwa baridi kabisa, kisha ashike karatasi nyepesi karibu na mdomo wa bomba la moshi. Injini nzima huisukuma karatasi kwa mapigo yanayolingana. Karatasi ikiwa inavutwa kurudi bombani mara kwa mara, kuna uwezekano mkubwa wa valvu iliyoungua. Kama fundi ana geji ya kupimia mgandamizo wa silinda, ni bora zaidi.

Kuseti tapeti za Series III

Kazi hufanywa injini ikiwa imezimwa, gari likiwa nyutro na magurudumu yamewekewa mawe. Vifaa ni fila, bisibisi pana, spana ya kukalia nati za roka na gasketi mpya ya kava. Injini za petroli hutolewa plagi zote nne ili ziwe nyepesi kuzungushwa, na za dizeli hutolewa plagi za moto kwa sababu hiyohiyo. Land Rover hizi zina faida ya hendeli inayoingizwa mbele kupitia bampa. Asiye nayo atatumia spana kubwa kwenye nati ya puli ya kranki.

Kava la valvu limeshikwa na nati tatu tu juu yake. Kabla ya kulitoa, vumbi lote lifutwe au lipulizwe, kwa maana mchanga ukidondoka ndani utasafiri na oili hadi kwenye beringi. Kava likishatoka, lisikimbiliwe kuseti. Kwanza itazamwe kama kila roka ina utelezi wa oili. Roka iliyokauka, yenye rangi ya kahawia au ya bluu, maana yake ni kwamba vitundu vinavyopandisha oili hadi kwenye shafti ya roka vimeziba kwa matope ya oili iliyochakaa. Kuseti hakutasaidia hadi shafti itolewe na kusafishwa. Pia zitazamwe springi kama kuna iliyovunjika, na boliti zinazoshika shafti ya roka kama zimelegea.

Valvu huhesabiwa kuanzia mbele, upande wa rejeta, moja hadi nane. Siri ya kuseti injini hii ni hesabu ya tisa. Injini huzungushwa taratibu hadi valvu namba 8 iwe imekandamizwa chini kabisa. Wakati huo valvu namba 1 imefunga kabisa, na ndiyo inayosetiwa. Ukijumlisha 8 na 1 unapata 9. Halafu inatafutwa namba 6 ikiwa imefunguka, inasetiwa namba 3. Ikifunguka 4 inasetiwa 5, ikifunguka 7 inasetiwa 2. Ndivyo inavyoendelea: 1 kwa 8, 3 kwa 6, 5 kwa 4 na 2 kwa 7. Kwa mpangilio huo injini hailazimiki kuzungushwa ovyo, na hakuna valvu inayosahaulika hata kama fundi ataitwa kunywa chai katikati ya kazi. Hesabu hii isitumiwe kwa injini nyingine bila kusoma kitabu chake.

Nati ya kufungia hulegezwa kidogo, fila ya 0.25 huingizwa kati ya roka na kichwa cha valvu, kisha skrubu huzungushwa kwa bisibisi hadi fila ivutike kwa ukinzani mdogo, kama kuvuta karatasi chini ya kitabu. Isining'inie, na isikwame. Bisibisi hushikilia skrubu isizunguke wakati nati inakazwa. Hapa ndipo wengi huharibu, kwani nati inapokazwa huvuta skrubu na nafasi hubadilika. Lazima fila irudishwe baada ya kukaza. Fundi mwenye haraka hupima mara moja kabla ya kukaza na kufunga kava, halafu gari likirudi analia zaidi mwenye gari kuliko tapeti.

Zote nane zikiisha, injini izungushwe mizunguko miwili kamili ya kranki na kupimwa tena. Haichukui dakika kumi.

Zikiendelea kulia baada ya kusetiwa

Hii hutokea sana kwa magari yaliyotembea miaka mingi, na ndiyo huwafanya watu waseme fundi hajui kazi. Sehemu ya roka inayogusa valvu hulika na kufanya kishimo chenye upana wa kichwa cha valvu. Fila ni pana kuliko kishimo hicho, kwa hiyo hupita juu yake kama ubao uliowekwa juu ya mtaro. Fila inasoma 0.25, kumbe nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Ukibana zaidi kwa kubahatisha ili kelele iishe, unakaribisha kuungua kwa valvu kulikoelezwa hapo juu. Njia sahihi ni kutoa shafti, kusawazisha uso wa roka kwa mashine ya kusagia kwa uangalifu au kununua roka nyingine. Kwa muda, fila nyembamba iliyokatwa iingie ndani ya kishimo husaidia kupata kipimo cha kweli.

Roka pia hulika tundu lake linalokalia shafti. Ishike kwa vidole na kuitikisa juu na chini. Ikicheza, bushi au shafti imekwisha. Pushi rodi nayo hutolewa na kuviringishwa juu ya kioo kuona kama imepinda. Jambo la mwisho, na la gharama kuliko yote, ni kamshafti iliyolika. Dalili yake ni valvu moja kufunguka kidogo kuliko wenzake hata baada ya kusetiwa vizuri, na hilo hupimwa kwa rula tu, kwa kulinganisha ni umbali gani kila valvu inashuka.

Kuna jambo jingine ambalo wenye injini za petroli za zamani wanapaswa kulifuatilia. Injini nyingi za zama hizo zilibuniwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, ambayo pamoja na madhara yake kwa afya, hasa ya watoto, yalikuwa yakilinda viti vya valvu. Baada ya Azimio la Dakar la Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa. Katika hedi zenye viti laini, valvu ya kutolea moshi inaweza kuchimba kiti chake na kuzama kidogo kidogo, hasa kwa gari linalobeba mizigo mizito kwa kasi. Valvu ikizama, mguu wake hupanda juu na nafasi ya tapeti hupungua, haiongezeki. Kwa hiyo gari hunyamaza wakati linaharibika.

Njia ya kulitambua hilo ni daftari. Kila tapeti zinapopimwa, nafasi iliyokutwa iandikwe kabla ya kurekebishwa, pamoja na tarehe na kilomita. Valvu ya kutolea moshi ambayo kila safari inakutwa imejibana inazama. Tiba ya kudumu ni kuwekewa kiti kigumu kwenye karakana yenye mashine, wakati wa kiangazi gari likiwa halina kazi nyingi, si katikati ya mavuno.

Wenye pick-up za Toyota zenye injini ya dizeli ya 3L wasitafute skrubu ya kuseti, kwani hazina. Nafasi hurekebishwa kwa kubadilisha visahani vidogo vya chuma vinavyoitwa shimu, kila kimoja na unene wake, na kazi hiyo inahitaji mikromita na fundi mwenye akiba ya shimu. Magari yenye tapeti za oili nayo hayasetiwi. Yakilia, kwanza hutazamwa kiasi na umri wa oili.

Wakati wa kufunga kava, sehemu mbili zinazokutana zipanguswe hadi zikauke na gasketi mpya iwekwe. Nati tatu za juu zikazwe kwa wastani. Zikikazwa kwa hasira kava hupinda na oili huvuja na kudondokea kwenye manifodi ya moto. Gari likishawashwa liachwe dakika kumi na tano, kisha kurunzi ipitishwe kuzunguka kava lote. Harufu ya oili inayoungua au unyevu mpya pembeni ni ishara kwamba gasketi haikukaa, na ni nafuu kuirudia hapohapo kabla gunia la kwanza halijapakiwa.